Nilimchagulia Zaituni raketi ya kushambulia, leo hawezi kusuka

Wakuu, niaje. Mlio kazini na mlio nyumbani, nawasalimu wote.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu: amefika level ya advanced kwa padel, anataka raketi ya attack, achukue gani? Majibu yakamiminika. Chukua diamond. Chukua carbon. Chukua ngumu kabisa mkuu, utawatoboa.

Nikaanza kuandika jibu langu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena.

Mwishowe nimeona heri nifungue uzi wangu niseme yote. Ni mambo yaliyonipata mimi na rafiki yangu. Jina la klabu siweki, wala la kampuni ya raketi, kwa sababu hawakukosea. Yaliyobaki nitayasema yalivyokuwa, hata yale ya kuniaibisha. Hayo hasa ndiyo yamenileta hapa.

Kwa wasioujua huu mchezo: padel ni kama tenisi iliyofungiwa ndani ya kuta za vioo. Mnacheza wawili kwa wawili, na mpira ukidunda chini kisha ukagonga kioo, bado uko hai. Raketi yake haina nyuzi. Ni kitu kinene chenye matundu, ndani kina sponji, nje kimefunikwa na carbon au fiber.

Mara nyingi wa upande wa kulia ndiye mtulivu, anapanga pointi. Wa kushoto ndiye anaua.

Mimi ni wa kulia. Niiteni Nafula. Nimezaliwa Ziwani na bado naishi Ziwani, kwenye nyumba ile ile mzee wangu alipewa akifanya kazi ya reli. Nilikuwa receptionist kwenye klabu moja ya padel, ng'ambo ile ya mji. Wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza asubuhi kabla wanachama hawajafika. Nikajifunzia hapo.

Wa kushoto alikuwa Zaituni.

Zaituni ni wa Majengo, Pumwani. Tulisoma pamoja primary. Shuleni alikuwa anacheza handball, na kipa akimwona anaruka alikuwa anafunika uso. Tulipomaliza shule, mimi nikazunguka ofisi za watu, yeye akaingia kwa kusuka. Alikuwa na saluni ndogo ya mabati karibu na kwao, viti viwili na kioo kimoja. Wanawake walikuwa wanatoka mpaka Mukuru kwa Njenga kuja kusukwa na yeye. Siku ya mkesha wa Idi alikuwa anasimama tangu alfajiri mpaka miguu inavimba.

Siku moja tulikosa mtu wa nne uwanjani. Nikampigia simu, "Zai, njoo na raba." Alikuja na raba za mtumba na buibui ndani ya mfuko. Mpira wa kwanza aliopigiwa juu, aliuruka akaugonga ukatoka nje ya uwanja mzima. Sisi watatu tuliangaliana tu.

Baada ya miaka minne tulikuwa tunacheza na wanawake wanaocheza vizuri kabisa Nairobi. Yeye na raketi ya mviringo, laini, aliyoachiwa na mwanachama aliyehama nchi. Pembeni imechubuka, ameizungushia tepu.

Hapo ndipo klabu ikatangaza kwamba inataka makochi wanawake. Meneja akatuita, mimi na Zai, akatuambia wazi: "Kuna mashindano ya klabu mwezi wa nane. Mkichukua hilo kombe, kazi ni yenu wote wawili. Siwezi kuwaeleza wakubwa zangu niwape bila kitu cha kuonyesha."

Tulipofika getini akaniambia, "Nafu, mimi mgongo umechoka. Naweza kusimama hivi miaka mingine mitano, kumi siwezi. Hii kazi naitaka."

Nilikuwa naitaka pia. Nisiwadanganye, niliitaka zaidi yake.

Shida ilikuwa moja. Kila mashindano tulikuwa tunakwama semi. Zai anapiga smash, ule mpigo wa kuua kutoka juu, mpira unagonga kioo cha nyuma, unarudi kwa adui, na adui anatupa lob, ule mpira wa juu wa kutupita vichwani. Tena na tena. Nikakaa na videos za YouTube wiki nzima, nikaamua kosa ni raketi. Yake ilikuwa ya control, ya mtu anayejifunza au mtu wa kulia kama mimi. Mshambuliaji anahitaji silaha.

Zai akasema, "Wewe ndiye unajua haya mambo. Nichagulie."

Wakuu, nikasikia raha. Mimi sina smash. Mwili wangu haujawahi kunipa. Miaka yote nimekuwa yule wa kurudisha mipira, na sasa nilikuwa naulizwa jinsi ya kuua.

Niliazima raketi tatu za demo kutoka duka la klabu.

Ya kwanza ilikuwa ya mviringo kama yake, ila mpya. Hiyo niliiweka kando hata kabla ya kuijaribu.

Ya pili ilikuwa na umbo la tone la maji. Uzito wake uko katikati, sponji si laini wala si ngumu sana. Inapiga vizuri, inasamehe ukikosea kidogo.

Ya tatu ilikuwa diamond. Kichwa kipana juu, uzito wote umepanda huko juu, carbon ngumu, sponji ngumu, na ngozi yake ina chenga chenga kama msasa ili mpira uzunguke. Mahali pa kupigia, ile sweet spot, ni padogo na pako juu. Ukipapata, mpira unatoka kama umetupwa na mashine. Ukipakosa, mshtuko wote unashuka mkononi. Imeandikwa kabisa kwenye karatasi yake kwamba ni ya wachezaji wa juu, wa kushambulia.

Nilizijaribu mimi kwanza, bila Zai, na jamaa watatu wa kazini. Ile diamond nilicheza nayo seti mbili.

Sasa sikilizeni hapa.

Seti ya pili katikati, kiwiko changu kilianza kuwaka. Kilianza kama wadudu wanatembea chini ya ngozi, kisha maumivu yakanyooka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Jioni nikashindwa kufungua chupa ya soda, nikamwachia dada yangu aifungue. Nikamwambia nimelalia mkono vibaya.

Nilijua ni raketi. Nilijua siku ile ile.

Nikajiambia mimi ni mkono wa kompyuta, Zaituni ana mkono wa kazi, yeye ataiweza. Nikaliacha hapo. Sikumwambia yeye, sikumwambia mtu.

Siku aliyozijaribu yeye ilikuwa Jumapili. Alicheza na ile ya tone kwanza, akapiga vizuri sana. Akaigeuza geuza.

"Nafu, hii inanikubali. Mkono wangu unaielewa."

"Jaribu na hii."

Akachukua diamond. Smash ya kwanza aliipiga kwenye wavu. Ya pili, mpira ulidunda upande wa pili, ukapanda, ukapita juu ya uzio, tukausikia ukigonga mabati ya parking. Watu waliokuwa wanakunywa chai wakapiga kelele. Na mimi nikapiga kelele.

Zai akacheka, lakini akarudi tena kwa ile ya tone. "Hii nzito, inanivuta. Mimi ningechukua ile nyingine."

Na mimi nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Ile ni ya watu wa katikati, Zai. Wewe ni advanced. Chukua raketi ya level yako."

Aliangalia zote mbili. Akasema, "Haya. Wewe ndiye unajua."

Tukachukua diamond.

Bei sitaji, haina maana sasa.

Mwezi wa sita ulienda vizuri. Mipira ilikuwa inatoka nje ya uwanja kila siku. Hapa Nairobi tuko juu, hewa nyepesi, mpira tayari unaruka zaidi kuliko ukicheza Mombasa. Ndiyo maana siku hizi najiuliza, tulihitaji nguvu zaidi ya nini? Alichohitaji Zai ni mtu wa kumfundisha aelekeze smash yake vizuri. Lakini hayo ni mawazo ya leo.

Kisha ukaja mwezi wa saba, na ile baridi yetu mnaijua. Tunacheza asubuhi vioo vina umande, mdomo unatoa moshi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba baridi inaikaza sponji ya raketi. Iliyo ngumu inazidi kuwa ngumu. Zai alikuwa anagonga kitu kama ubao wa zege kila asubuhi, halafu anapanda matatu kwenda Majengo kusuka mpaka jioni.

Dalili nilikuwa naziona. Msije mkafikiri sikuziona.

Nilikwenda saluni kwake siku moja nikamkuta anamsuka mama mmoja, chanuo likaanguka. Akaliokota. Likaanguka tena. Mama akageuka, "Wewe Zaituni, leo una nini?" Akajibu, "Mkono umelala vibaya."

Yale yale niliyomwambia dada yangu.

Siku nyingine nikamwona anamimina chai kwa mkono wa kushoto. Siku nyingine amefunga kiwiko na bandeji, ameificha chini ya mkono wa deraa. Nikamuuliza. Akasema, "Kinaniuma, Nafu. Tangu nichukue hii raketi. Tungerudi tu kwa ile ya zamani?"

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nikamwambia, "Ni kuzoea. Mkono unajenga misuli." Nikamnunulia overgrip nene ya kuzungushia mshikio, nikamnunulia dawa ya kuchua, nikamwonyesha video ya kunyoosha. Asubuhi kabla ya mechi nilikuwa nampa vidonge viwili vya maumivu na chai, kama nesi.

Mashindano tulichukua.

Najua mlidhani nitasema tulipoteza. Hapana. Final tulishinda kwa seti mbili, na pointi ya mwisho ilikuwa smash ya Zaituni iliyopita juu ya uzio. Ilikuwa safi kabisa, hata wale tuliocheza nao walipiga makofi. Niligeuka nimkumbatie nikamkuta amepiga magoti, raketi iko chini, mkono wa kulia ameushika na wa kushoto kama mtu amebeba mtoto. Nikafikiri analia kwa furaha.

Picha ya kombe iko. Nimelishika mimi peke yangu, kwa mikono miwili. Yeye amesimama pembeni anatabasamu, mkono umening'inia.

Wiki iliyofuata tulianza kazi ya ukochi kwa majaribio. Kazi ya kochi, wakuu, kubwa ni kuwalisha watu mipira. Kikapu baada ya kikapu. Zai alilisha nusu kikapu akaiweka raketi chini. Siku ya pili hakufikisha hata hapo. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwambia aende hospitali, apumzike, nafasi yake ingemngoja.

Daktari akasema kano ya kiwiko imechanika, na imekuwa ikichanika polepole kwa muda. Alimuuliza kwa nini hakuacha mapema. Nilikuwa nimekaa hapo hapo pembeni yake. Zai akajibu, "Sikujua, daktari. Niliambiwa ni kuzoea."

Hakuniangalia wakati anasema. Hakutaja ni nani alimwambia.

Akakatazwa padel. Akakatazwa pia kusuka, miezi kadhaa, na fizio kila wiki.

Sasa mwambie msusi asisuke. Wateja walimngoja wiki mbili, tatu, kisha nywele zao hazikungoja. Yule mama wa chanuo nikamwona amesukwa na mtu mwingine. Saluni ilikuwa ya kukodi, na mwenye nayo naye ana watoto. Siku hizi pale wanauza viatu.

Na ile nafasi ya klabu ilingoja mwezi mmoja na nusu, kisha wakamchukua dada mwingine.

Mimi nilibaki. Mimi ndiye kochi, wakuu. Nafundisha watu attack. Nasimama pale na fulana iliyoandikwa COACH mgongoni, na mtu akiniuliza achukue raketi gani, nageuka kuokota mipira.

Hii ndiyo sehemu ambayo imenifanya nifungue uzi.

Mwaka umepita na kidogo. Mwezi jana nilikwenda Majengo kumwona, maana nilikuwa nimeanza kumkwepa na nilijua anaona ninavyomkwepa. Mama yake alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana. Mwenzako yuko ndani, anakutaja kila siku."

Zaituni alikuwa amenenepa kidogo. Alifurahi, kweli alifurahi. Tukanywa chai. Akaniambia fizio imesaidia, vidole vimerudi, anaweza kufua nguo ndogo. Kisha akaniangalia kichwani.

"Hizo nywele zako ni aibu. Kaa chini nikusuke. Nataka kujaribu, na sitaki kujaribu kwa mteja."

Nikakaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake. Alisuka mstari wa kwanza taratibu. Wa pili, nikamsikia anapumua kwa pua. Wa tatu alisimama mara nne. Mama yake aliacha kuchambua mchele akawa anasikiliza.

Kwenye wa nne, mkono wake ulianza kutetemeka juu ya kichwa changu. Niliuhisi. Aliulazimisha, nywele zikamtoka. Akajaribu tena, zikamtoka. Kisha akaweka mkono begani kwangu akauacha hapo tu.

"Ni sawa," akasema. "Ndivyo Mungu alivyopanga. Nimeshakubali, Nafu. Nilikuwa nalia, sasa silii."

Na mimi, nikiwa nimempa mgongo, nikaropoka yote. Kwamba niliijaribu ile raketi kabla yake. Kwamba iliniumiza ndani ya seti mbili. Kwamba nilishindwa kufungua chupa, na bado nikamwambia achukue.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuambia turudi kwa ile ya zamani, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Mkono ukatoka begani kwangu.

"Mwaka mzima nimejifunza kusema ni Mungu," akasema, sauti ya chini kabisa ili mama yake asisikie. "Ilinichukua muda, lakini nilifika. Nikawa nalala. Sasa wewe umekuja umenipa mtu. Nimfanye nini huyo mtu?"

Akaniambia niende. Hakupaza sauti. Nikamuaga mama yake, naye akanishangaa, "Mbona unatoka na kichwa nusu?"

Nilitembea kutoka Majengo mpaka Ziwani na mistari mitatu, upande mmoja umesimama. Watu walikuwa wananiangalia. Nyumbani nilikaa na ile mistari siku tatu, nashindwa kuifumua.

Hajapokea simu yangu tangu hapo. Jumbe zangu anazisoma, hajibu.

Basi, kwa yule mwenzetu aliyeuliza. Nitakujibu kama kochi, maana unanidai jibu la kweli.

Kuwa advanced hakukulazimishi kushika diamond ngumu. Hiyo ni biashara ya maneno, na mimi niliimeza nikamlisha mwenzangu. Angalia kwanza mkono wako unafanya nini ukitoka uwanjani. Kama unashona, unasuka, unachomelea vyuma, unaandika siku nzima, huo mkono tayari una kazi. Chukua umbo la tone, sponji ya katikati, icheze wiki mbili, halafu ujiulize kama kweli unakosa nguvu au unakosa kulenga. Ukitaka diamond bado, tafuta yenye sponji laini. Usiinunue kabla hujaijaribu asubuhi ya baridi. Na kiwiko kikiwaka, acha siku hiyo hiyo. Anayekuambia ni kuzoea, muulize anapata nini ukizoea.

Na wewe unayeshauri wenzako humu, sema na yale yaliyokuumiza wewe. Nilichojifunza ni hicho. Nilijua kitu kimoja ambacho kingemwokoa, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kombe.

Walio na uzoefu wa kano ya kiwiko, naomba mniambie ukweli: kuna aliyepona baada ya mwaka mzima, akarudi kufanya kazi ya mikono? Alifanya nini?

Na swali la pili ndilo linaloninyima usingizi. Nilifanya vizuri kumwambia, au nilikwenda kujitua mzigo wangu nikautua kichwani kwake? Msinionee huruma, nijibuni tu. Nitasoma kila comment.